Chokaa

Mimi ni mtoto wa mchoma chokaa.
Nimekulia kando ya tanuri, matumbawe yakiiva
juu ya magogo ya mkoko, na baba akinambia:
"Chokaa haina haraka. Hukaa ukutani
miaka mia, ikikutazama."

Sikujua hukaa na mwilini.

Mashine ilipoletwa ilikwama kichochoroni, Langoni:
makasha manne, hamali sita,
na punda wa Shee Bwanahamadi aliyekataa kupisha.
"Friji ya nani hiyo?" akauliza mtu dirishani.

Dada yangu Mwanakheri aligunduliwa na kidole.
Kidole kizembe. Hakioni kitu
mpaka kitu kiwe kungu, kiwe kimekwisha
kujijengea nyumba na kualika jamaa.
Tulimzika Mfungo Sita.

Siku yangu, buibui nikalitundika msumarini.
Binti wa mashine, Mbodze, mikono baridi,
aliniomba radhi kabla ya kunigusa.
"Itabana, mama. Vuta pumzi. Zuia."
Ikabana kama kifumbu kinavyobana nazi.
Kisha kichwa chake kikazunguka, taratibu, kwa upinde,
kikanichukua wembamba wembamba, ukurasa juu ya ukurasa,
si kama ile picha ya zamani
iliyonilaza bapa, kila kitu juu ya kila kitu,
moshi mtupu.

Akafunua kurasa kiooni.
Wa kumi na tisa, hamna.
Wa ishirini, hamna.
Wa ishirini na moja:
vumbi jeupe, chembe tano, sita,
kama lile alilopukutisha baba mlangoni
kabla ya kuingia kula.

"Ni nini?"
"Chokaa, mama."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Mbodze hakucheka. Alisema daktari Mombasa
atazisoma picha usiku huohuo;
kwamba chokaa nyingine ni chokaa tu,
na nyingine ni alama ya mtu anayechimba msingi.

Ikaja sindano. Zikaja wiki mbili bila usingizi.
Ikaja karatasi: ndiyo.
Lakini imo ndani ya mlija wake bado,
haijavuka kizingiti.

Leo nina kovu fupi kuliko kidole kile kizembe.
Nikiegemea ukuta wa ukumbini
weupe wake unanishika begani, siufuti.

Jirani yangu Mwanajuma hajaenda.
Anasema haumwi popote.
Hata mimi sikuumwa popote.
Kesho, baada ya alfajiri, namgongea mlango.