Sharti la Tisa

Kibali kimetoka Jumatatu,
mhuri wa buluu, wino umevuja kidogo pembeni,
na masharti kumi na manne.
Nimeyachapa mimi, kwa hivyo nayajua:
vumbi limwagiwe maji, kelele zikome magharibi,
mkungu ule wa nyuma ya soko usiguswe.
La tisa ndilo refu. Mtaro.

Maana Machano, mpimaji, alichimba shimo
kiasi cha kimo cha mtoto wa chuoni,
maji yakapanda. Akachovya kidole, akaonja.
Chumvi.
Hapa ni Darajani, na daraja hulioni;
mkono wa bahari walishaufukia zamani,
jina ndilo lililokataa kufukiwa.

Mjenzi akasema, "Tutaweka pampu."
Machano hakumjibu, aliandika tu:
maji yapewe njia yao.
Mkurugenzi akakata "yapewe njia",
juu yake akatia "yazingatiwe",
kalamu nyekundu, mkono mwepesi.

Jioni, ofisi tupu, feni inalia,
nikalirudisha neno la Machano mahala pake.

Asubuhi akatia saini. Hakusoma.
Masika yatasoma.