Mpangaji wa Barabara ya Kumi na Tatu

Sumaku ya spika mbovu, kaifunga uzi,
Semkiwa anavua vumbi pipani, chini ya mlizamu.
Kutu. Kutu tena. Mguu wa mende.
Unga wa saruji kutoka Pongwe.
Kisha chembe moja, nyeusi, duara,
ndogo kuliko nukta ya daftari lake.

“Wewe umetoka wapi?”
kama mjumbe amuulizavyo mpangaji mgeni.

Haina barua ya utambulisho.
Nyota iliyoipika huenda ilizimika
Jua likiwa bado halijawaka;
ikalala kwenye barafu ya nyotamkia, miaka isiyo idadi,
ikashuka Ngamiani usiku wa vuli
bila kupiga hodi.

Mamaye anaita: mwaga hayo maji!

Anaikunja ndani ya karatasi ya sigara.
Kesho ataidondosha, anajijua.
Itafagiwa pamoja na wenyeji.