Kilemba cha Jengo

Saa ya mnara haijui Kiswahili.
Mishale yake yasema kumi na moja,
nasi huku chini twasoma upande wa pili wa uso wake:
saa tano asubuhi,
na jua la Kisumu limeshatupanda mabegani.

Niko juu ya ngazi, na ndoo ya kijani.
Kampuni ya simu imekodi jengo zima,
na meneja, kijana mpole,
ameniandikia kwenye karatasi: Funika kila kitu.

Kila kitu ni nguzo nane za varanda
zilizong'arishwa na migongo ya watu wangojao mvua ipite;
ni madirisha yenye nyusi za saruji;
ni roshani isiyo na mlango,
fundi aliijengea mtu ambaye hakuja kusimama;
na huko juu kabisa, kwenye kilemba cha jengo,
herufi zilizofinyangwa, nene kama vidole:
VITHALJI, 1934.

Kwanza nakwaruza. Baba alinifunza:
ukuta usiokwaruzwa hutema rangi mwaka haujaisha.
Chini ya buluu, nyeupe ya benki iliyofilisika.
Chini ya nyeupe, waridi ya saluni ya Mama Achola.
Chini ya waridi, manjano,
na mkono wangu wasita.

Naijua R hiyo, mguu umevutwa nyuma kama mkia wa kenge.
SARE ZA SHULE. BEI NAFUU.
Mzee Randiga alilipwa nusu pesa, nusu kitambaa,
na hicho kitambaa ndicho nilichovaa darasa la tatu,
kikinikwaruza shingo hadi Krismasi.

Chini ya baba kuna chokaa.
Chini ya chokaa sikwenda.

"Nyar Randiga," Odindo fundi viatu anaita kutoka barazani,
"unachimba dhahabu huko?"
Namwambia natafuta pa kushika rangi.

Kisha kijani. Nguzo, nyusi, roshani.
Kijani makwapani mwa V, tumboni mwa tisa.
Manjano nikayaacha mwisho,
nikayafunika nikitazama pembeni,
kama mtu anayemfumba maiti macho.

Meneja akaja, akarudi nyuma hadi katikati ya barabara,
akapigiwa honi, akacheka.
"Safi. Hakuna kilichobaki."

Sikumjibu.
Rangi hufunika rangi, lakini saruji ina mwili.
Mishale iliposhuka kwenye tano,
nasi tukasema kumi na moja,
jua likaja kutoka upande wa ziwa
likiusugua ukuta ubavuni,
na kila herufi ikalaza kivuli chake:
kijani juu ya kijani,
Vithalji akasomeka hadi stesheni.

Odindo aliinua macho, sindano mdomoni.
Hakusema kitu. Akaendelea kushona.

Ya baba haikuwa na mwili. Ilikuwa rangi tu.
Lakini nyuma ya bomba la maji ya mvua,
mahali meneja hatafikisha shingo yake,
nimeuacha mguu wa R.