Vidato Sitini na Nne

Alojzy alishuka ardhini miaka thelathini na mmoja
kwa lifti ya chuma, mita mia sita, bila kushika ukuta.
Jengo letu halina lifti.
Ghorofa ya nne, vidato sitini na nne,
nami mkwewe nimevihesabu
kuliko nilivyohesabu siku za ndoa yangu.

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa.
Saa kumi na moja alfajiri Wałbrzych bado ni masizi na theluji.
Namvisha soksi, namfunga viatu,
naye huniuliza kama mwanawe, mume wangu,
amepiga simu kutoka Norwei.
Amepiga, nasema.
Wakati mwingine ni kweli.

Mkono wa kushoto haushikwi.
Humo daktari aliunganisha mishipa miwili;
ukiweka kidole unaihisi damu ikivuma
kama nyuki aliyenaswa ndani ya glasi.
Kwa hiyo namshika mshipi,
si ule mweupe wa hospitali, aliutupa nyuma ya kabati,
bali mshipi wake wa mgodini, wa ngozi,
uliobeba betri ya taa.
Nimeutoboa tundu jipya kwa msumari. Mara tatu.

Mwaka wa kwanza nilikosea.
Nilimletea chai kitandani, nikamletea redio, beseni,
ningemletea na dirisha lau lingeng'oka.
Akitaka kuinuka, nilimwinua.
Nilimpenda hadi miguu yake ikasahau kazi.
Mapaja yakanywea, suruali zikapwaya.
Ndipo Kinga, binti wa mazoezi kituoni,
akaniambia bila kuzunguka:
"Bibi Danuta, mikono yako itie mfukoni."

Mikono mfukoni!
Nani alijua kwamba hiyo ndiyo kazi,
kusimama hatua moja kutoka kwa mtu anayetetemeka
na kungoja.
Keti ukingoni. Hesabu hadi ishirini, damu ipande kichwani.
Miguu nyuma kidogo. Pua ivuke vidole.
Sasa.
Na kama si sasa, basi tena.

Kituoni, katika saa mbili za mwanzo, wanamfungia pedali kitandani.
Damu inatoka, inazunguka, inarudi, naye anaendesha.
Naandika kilomita nyuma ya kalenda ya kanisa.
Kabla ya Kwaresima alikuwa ameshavuka mpaka wa Cheki
bila pasipoti,
akaagiza bia.
Nikamlowesha midomo kwa kipande cha barafu;
kiu yake nayo ina kipimo.

Kuna stuli kwenye ngazi, ghorofa ya pili.
Hatukuiweka sisi.
Bibi Wieczorek aliitoa jikoni kwake, akaifunga mto wa maua.
Hasemi kitu. Akipishana nasi anatazama viatu.

Jana mashine ilimkausha kupita kiasi.
Alirudi mweupe kama chokaa, mishipa ya miguu ikimkaza.
Vidato thelathini na viwili, halafu stuli.
Tulikaa. Yaani alikaa yeye;
mimi nilisimama kidato kimoja chini yake,
upande ambao angeangukia.
Robo saa. Nusu saa.
Nilikuwa nimeshatoa simu
nimwite Radek dereva aje ambebe mgongoni.

Taa ya ngazi, bahili kama mwenye jengo, ikazimika.
Nikapapasa ukuta kutafuta swichi.
"Iache," akasema.

Nikasikia stuli ikilia.
Pua ikavuka vidole; sikuiona, niliijua.
"Danuta, umeshika mshipi?"
"Nimeshika."
"Usivute."

Akaanza kuhesabu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia nyumbani,
sauti ya mtu anayewaongoza wenzake chini kule:
thelathini na tatu, thelathini na nne,
nami, niliyeogopa giza tangu utotoni,
nikapanda nyuma yake.