Senti Tano

Nimetoka Moshi kuja kutazama moshi.
Ndivyo alivyonitania Bwana Eliakunda
niliposhuka kwenye bodaboda pale Chekereni,
mkoba wa spana begani, tope la jaruba hadi magotini.
Akacheka peke yake. Kisha akanyamaza,
akalitazama trekta kama mtu anavyomtazama
ndugu aliyelewa mchana.

Masi Fagasoni, silinda tatu,
rangi nyekundu imebaki kwenye mikunjo tu.
Mafundi wanne wamepita kabla yangu.
Wa kwanza alisema dizeli ina maji.
Wa pili akabadili filta, akatoa upepo, akala kuku.
Wa tatu alisema pampu, akataja bei ya ng'ombe wawili.
Wa nne hata mkoba hakufungua: uza kwa kilo, alisema.

"Na wewe, mama fundi?"
Mimi sijasema kitu. Washa.

Likakohoa, likatetema hadi kiti kikagonga bodi.
Moshi ukatoka. Ungekuwa mweusi
ningesema injini inalishwa kuliko pumzi yake.
Wa buluu, oili inapanda kwenye ringi.
Huu ni mweupe, unawasha macho:
dizeli imeingia mbichi na kutoka mbichi,
mgeni aliyepita nyumba isiyo na moto jikoni.

Nilianza na eya klina, kwa kuwa haidai spea.
Nyigu walikuwa wamejenga humo.
Niliwatoa kwa bisibisi, kisha kwa mbio.
Nafuu kidogo. Bado inamisi.

Spana kumi na saba. Nati ya bomba la kwanza, nailegeza:
mlio unaporomoka, injini inataka kuzima.
Huyu anafanya kazi. Nakaza.
La pili, unaporomoka tena. Nakaza.
La tatu, nalegeza,
nalegeza zaidi,
dizeli inanitiririkia kiganjani
na injini haijui hata kama nimeigusa.

"Huyu ndiye," nikasema, "anayekula na halimi."
Eliakunda akageuka kutazama nyumba
ambamo Godlisten, mwanawe, alikuwa bado amelala.

Nikamwaga dizeli kuizunguka nozeli.
Mapovu, kama uji unaoanza kuchemka.
Basi pumzi inavujia hapa.
Nusu saa ya kuing'oa, na matusi ya Kipare
ambayo mama yangu hajui kwamba niliyasikia kwake.

Chini yake hukaa pete ya shaba.
Pete ilikuwepo, ila ilikuwa na samaki.
Mkia tu, na kipande cha pezi;
kichwa kimeliwa na moto.
Senti tano ya zamani, pembe zake
zimepigwa tupa hadi duara, katikati imetobolewa,
na upande mmoja umechimbika mfereji
mwembamba kama ukucha wa mtoto.

Eliakunda aliishika muda mrefu.
"Mwaka wa themanini na mbili," akasema.
"Spea hakuna. Sabuni hakuna.
Baba akasema tuiweke kwa muda,
tukimaliza mpunga huu tutafute ya kweli."
"Mkamaliza?"
"Mpunga? Bado."

Pete mpya nilikuwa nayo, ya Majengo, shilingi elfu moja.
Niliiweka kwenye jiko la mkewe hadi ikawa nyekundu,
nikaitupa kwenye kopo la maji.
Chuma ukikifanyia hivyo kinakuwa kigumu.
Shaba inalainika, inakubali kukaliwa.
Nikakaza huku kidogo, kule kidogo,
bila haraka, kama kumfunga mtoto kanga mgongoni.

Washa.

Wingu la buluu lilitoka kwanza, likaondoka.
Oili linakula, nikamwambia, na litaendelea kula,
usinipigie simu kwa hilo.
Tatu, zote tatu. Godlisten akatoka akijifunga shuka,
akauliza nani amekuja na trekta.

Baba yake hakumjibu.
Aliiweka ile senti juu ya boneti, ilale,
tukaitazama ikitetemeka, ikitambaa
polepole kuelekea ukingoni,
na kila mmoja wetu akiwa na mkono tayari.