Kovu la Pezi la Kushoto

Kwanza nilichora uti wa mgongo,
pingili mia na ushee, moja moja,
usiku ambao Himbi yote haikuwa na umeme
na betri ya jua ilibakiza vijiti viwili.
Mosasauri hana haraka.
Alikufa kabla mlima wetu haujazaliwa,
atanisubiri hadi asubuhi.

Asubuhi nikashuka Kituku kutafuta ngozi.
Mama Kavira alikuwa akipima sambaza kwa kikopo,
akaniona nimemnyanyua mmoja kwa mkia,
namgeuza juani, namrudisha, namgeuza tena.
"Unanunua ama unaoa?"
Wenzake wakacheka hadi vikopo vikalia.
Nilinunua viwili. Kimoja tulikula.
Kingine kilikaa mezani mpaka kikanuka,
nikijifunza jinsi fedha inavyozimika
samaki akikauka: kwanza tumboni,
halafu shavuni, na mwisho kabisa jichoni.

Mifupa haisemi rangi.
Mifupa husema: hapa palikuwa na msuli,
hapa jino, hapa taya lilifunguka hivi.
Rangi utaitafuta mwenyewe.
Mgongo nikautoa kwenye jiwe la uani,
lile la volkeno, likiwa limelowa mvua:
si jeusi, ukilitazama kwa subira,
ni zambarau iliyokataa kujitaja.
Tumbo nikalipa weupe wa maziwa ya Masisi
ili anayemtazama kutoka chini
adhani mbingu inapita.

Bahari sijaiona.
Naijua Kivu, isiyo na mamba,
inayolalia gesi yake kama mtu anayelalia pesa,
na najua pale mwanga unapochokea,
mita chache chini ya mtumbwi wa Mumbere,
nilipozamisha simu ndani ya mfuko wa nailoni
nikapata picha arobaini za kijani
na moja ya kidole changu.
Kijani hicho ndicho bahari yangu.

Mteja aliandika kutoka mbali:
Maji yawe ya bluu. Kinywa kiwe wazi.
Damu kidogo, kama inawezekana.
Nikamjibu kwa Kifaransa cha heshima
kwamba mnyama huyu ameshakula.
Amefunga kinywa kama shangazi aliyetoka harusini.
Siku ya mnyama ni ndefu, nikasema,
na kuuma ni dakika moja tu ndani yake;
nyingine zote ni kuelea, kugeuza shingo,
kuwashwa mahali asipopafikia.
Akanyamaza wiki nzima. Akalipa nusu.

Halafu akaliona kovu.
Kwenye pezi la kushoto, nyama iliyojifunga vibaya,
magamba yaliyoota upya bila mpangilio,
yakikwepana kama watu wa Birere siku ya soko.
Ondoa, akaandika. Linaharibu umbo.

Nilisogeza kifutio mpaka ukingoni mwa pezi.
Nyuma yangu mama alikuwa akijipaka mafuta,
muundi wa kushoto, pale ambapo
mwaka ule wa moto alikanyaga ukingo wa lava
akirudi kuchukua cherehani.
Ngozi pale inang'aa, haina vinyweleo,
na mvua ikikaribia humwasha.
Nilikuwa nimeichora bila kumwomba ruhusa.

Akasimama, akainamia kioo
na miwani yake iliyofungwa uzi.
Alitazama muda mrefu kuliko mteja.
"Na huyu," akauliza,
"alirudi kuchukua nini?"

Sikuwa na jibu.
Nikaongeza tabaka moja,
mwanga mdogo juu ya kovu, upande mmoja tu,
nikabonyeza kuhifadhi
na umeme ukakatika wakati uleule.
Kompyuta yangu betri yake ilikufa zamani.
Chumba kikabaki na wekundu wa Nyiragongo dirishani
na mama akipapasa sakafuni, akitafuta
kifuniko cha kopo la mafuta.