Daftari la Mafuta

Ukurasa wa kwanza niliuandika kwa wino wa bluu:
Isevya, Jumamosi, tangi limejaa, lita arobaini na mbili.
Pembeni Mihambo akachora uso unaocheka.
Siku hizo gari lilikuwa bado bibi harusi.

La zamani lilikunywa kama lililolaaniwa.
Kilomita saba kwa lita; ukiwasha kiyoyozi, sita.
Kutoka nyumbani mpaka kazini kwangu, Kitete,
nilisikia noti zikiungua kwenye bomba la moshi.

Hili jipya
(jipya kwetu; huko Japani mtu alishalichoka)
huondoka kimya.
Kimya cha mwizi, alisema jirani yetu Kapela,
ambaye mbuzi wake hawashtuki mpaka bampa iwaguse mkia.
Mama mkwe aliuliza mara tatu: Limewaka?
Limewaka, mama.
Mbona halisemi?

Jina lake Nyanzala, alizaliwa mwaka wa njaa,
na chochote kinachokula yeye hukihesabia matonge.
Nilipomwambia kilomita kumi na nane kwa lita moja
aliligeukia boneti, akalitazama
kama mgeni aliyekataa kuongezwa ugali:
Huyu ana nini? Anaumwa?

Kuna jambo sikulielewa mpaka nilipolipigia mistari.
Njia ya Nzega, lami tupu, mguu umetulia,
gari linakwenda kumi na tano kwa lita.
Mjini, katikati ya bajaji na baiskeli za mkaa,
simama, nenda, simama tena,
kumi na nane, pengine kumi na tisa.
Kila nikikanyaga breki mshale unageuka,
kuna kitu kinarudi kwenye betri.
Nimekuwa muuguzi miaka kumi na saba, mke kumi na minne.
Sijaona matumizi mengine yanayorudisha chenji.

Kisha kiangazi.
Septemba nilihamia kalamu nyekundu.
Kumi na sita. Kumi na tatu. Kumi na moja.
Nyuma ya kiti kitu kikivuma kama mzinga uliochokozwa,
na Jumanne moja, mbele ya soko, ikawaka pembetatu.
Tukapiga simu Mwanza.
Betri nzima, wakasema, milioni nne na nusu,
nauli ya fundi mbali.

Usiku ule nilijumlisha tulichookoa miaka miwili:
milioni tatu na laki sita.
Nikatoa. Nikarudia kutoa.
Rahisi ghali, alisema Kapela juu ya ua, na hakuna aliyemuuliza.
Mihambo hakuchora kitu.

Fundi Sizya wa Kiloleni hakufungua boneti.
Alifungua mlango wa nyuma, akapiga magoti,
akauliza: Hapa hukaa nani?
Ubavuni mwa kiti palikuwa na kidirisha cha matundu,
na juu yake, kimekunjwa mara nne, kitenge cha mama mkwe.
Lile tundu lilikuwa linanivuta mguu, alisema. Nikaliziba.
Betri inapumua, bibi, alisema Sizya,
akaingiza brashi ya kupakia rangi.
Likatoka vumbi la msimu mzima,
maganda ya karanga, makombo ya michembe,
kifungo cha sare ya Kabula tulichompigia kelele mwezi wa sita.
Feni ikakohoa, ikanyamaza vizuri.

Niliandika: fundi, elfu ishirini na tano.
Brashi, elfu mbili.
Soda ya fundi, sikuandika.

Sasa Bibi Nyanzala hukaa mbele, mkanda kifuani,
kopo la maganda mapajani,
na Mihambo yuko nyuma, magoti yamegusa kidevu.
Jioni, kabla sijazima, mama mkwe huuliza: Leo limekula ngapi?
Namsomea. Kumi na saba na nusu.
Ile nusu iliyobaki sijui iko wapi.
Namtazama Lugembe kwenye kioo,
mashavu yamejaa, mikono nyuma ya mgongo.